Soksi ya Maskati: Utangulizi wa Elimu ya Pumzi ya Mtoto Mchanga

Soksi ilifika Korogwe ndani ya begi la mgeni, pamoja na tende, udi na kanzu mbili. Iliyotumwa ni moja tu, si jozi. Ndani yake mna kitaa kidogo kinachopima mapigo ya moyo na oksijeni ya damu kupitia ngozi ya mguu, kikapeleka habari kwenye simu ya mzazi, na hali ikiwa mbaya kikalia. Aliyeituma kutoka Maskati ni baba mdogo wa mtoto, ambaye ameona wenzake wa kazini wakiwavalisha watoto wao kila usiku. Mtoto mwenyewe alikuwa na siku 9. Mpwa wangu alikuja kujifungulia kwa mama yake, huko Manundu, kama ada ya uzazi wa kwanza inavyotaka, na mimi nikaitwa, kwa kuwa katika ukoo mtu aliyesomea habari za watoto wachanga hana nafasi ya kukataa.

"Mjomba, tumvalishe au tusimvalishe?"

Kabla sijafungua kinywa, dada yangu, bibi wa mtoto, aliyekuwa ameketi mkekani na tasbihi yake, akauliza lake: "Na kikilia saa nane za usiku, tufanye nini?"

Miaka yote niliyofundisha sijapata kutunga swali la mtihani lililolifikia lile. Kurasa hizi ni jibu langu, limechelewa kidogo.

Karibu, basi. Yumkini wewe ni mwanafunzi wa uuguzi, au tabibu wa zahanati ya mbali na lami, au ni mzazi tu uliyekesha ukitazama kifua kidogo kikipanda na kushuka, kisha kikatulia, nawe ukatulia nacho. Uwanja huu una wenyeji wengi: wakunga, madaktari wa watoto, mafundi wa vifaa vya hospitali, watu wa takwimu, na akina bibi. Akina bibi nimewataja mwisho kwa mazoea ya kitaaluma tu. Kwa kazi, wao walianza.

Anza na maneno, maana Kiswahili kina utajiri hapa ambao vitabu vyetu vya kiada haviukiri. Mtoto hupumua, huhema, hutweta, hugumia, hukoroma. Mama akikuambia mtoto "anatweta", amekupa kasi. Akisema "anagumia", amekupa sauti ambayo daktari huihofu zaidi, kwani ni mtoto anayezuia hewa isimtoke yote ili mapafu yasisinyae. Akisema "kifua kinabonyea", ameziona nyama za chini ya mbavu zikivutwa ndani kila anapovuta hewa. Mwanafunzi anayesikia yote hayo kisha akaandika kwenye kadi "shida ya kupumua" ametupa habari tatu alizoletewa bure.

Sasa pumzi yenyewe. Mtoto mchanga hapumui kama mimi na wewe. Sisi hupumua kwa mwendo wa saa ya ukutani. Yeye hupumua kwa tumbo zaidi kuliko kifua, mara 30 hadi 60 kwa dakika, na kwa mafungu. Hukimbia kidogo, hupunguza, husimama sekunde tano, pengine hadi kumi, kisha huanza tena kana kwamba hapakuwa na kitu. Sekunde kumi ni chache ukiwa unasubiri daladala Segera. Ukiwa gizani na mkono juu ya kifua cha mwanao wa kwanza, ni karne. Hata hivyo kwa mtoto aliyetimiza miezi yake, anayenyonya vizuri na mwenye rangi njema, kusita huko ni tabia ya umri. Kinachoitwa kukatika kwa pumzi ni kusimama kwa sekunde 20 au zaidi, au kwa muda mfupi zaidi lakini mtoto akawa wa buluu mdomoni au moyo wake ukapunguza mwendo.

Njiti ana habari yake. Sehemu ya ubongo inayoamrisha pumzi bado inajifunza kazi, na takriban kila mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 28 hukatikiwa na pumzi wakati fulani. Kadiri wiki zinavyosonga ndivyo tatizo linavyopungua, na wengi huachana nalo wanapokaribia umri ambao wangezaliwa. Wodini hupewa kafeini, ndiyo, ile ile ya kahawa, kwa kipimo cha dawa, ili ubongo usisinzie kazini. Hapo kifaa cha kufuatilia pumzi na oksijeni kina maana kamili: mtoto yumo hatarini, hatari inajulikana, na muuguzi yupo hatua tatu kutoka kitandani. Kifaa kikilia, anamgusa unyayo, anamsugua mgongo, na ikibidi anampa hewa kwa barakoa. Mlio na mkono vinakaa chumba kimoja.

Vifaa vya nyumbani vimetoka kwenye hofu nyingine: kifo cha ghafla cha mtoto usingizini, ambacho hata uchunguzi wa maiti hauoni sababu yake. Historia yake ina ukurasa mchungu ambao kila mgeni wa elimu hii lazima aufahamu. Mwaka 1972 daktari wa Marekani, Alfred Steinschneider, alichapisha makala iliyodai kwamba kusimama kwa pumzi kwa muda mrefu ndiko kunakotangulia vifo hivyo. Miongoni mwa watoto watano aliowaeleza walikuwemo wawili wa familia moja, ndugu waliofariki baada ya wenzao watatu kufariki pia. Hoja ilionekana wazi: kama pumzi husimama kwanza, weka kengele. Vifaa vikatengenezwa, vikauzwa, vikaingia majumbani kwa maelfu. Zaidi ya miaka 20 baadaye, mama wa familia ile, Waneta Hoyt, alikiri kuwaua watoto wake kwa kuwaziba pumzi, na mwaka 1995 alitiwa hatiani kwa vifo vyote vitano. Kabla ya hukumu alikuwa ameyakana maungamo yake. Nguzo kubwa ya nadharia ilikuwa imesimikwa juu ya kesi ya mauaji.

Sikusimulii haya ili umdharau Steinschneider. Aliandika alichokiona kwenye karatasi za vipimo. Nayasimulia kwa sababu kengele ziliendelea kuuzwa hata baada ya nguzo kuanguka, na hofu ya mzazi haisomi majarida. Mwaka 1986 jopo lililoitishwa na taasisi za taifa za afya za Marekani lilikuwa limeshaona kwamba hakuna ushahidi wa kengele hizo kuzuia vifo vya ghafla kwa watoto wa kawaida. Kisha mwaka 2001 ukatoka utafiti ambao mimi huwalazimisha wanafunzi wausome mara mbili. Watoto 1,079 walifuatiliwa nyumbani kwa vifaa, wakiwemo waliotimiza miezi na wenye afya njema. Watoto 445 kati yao walipata angalau tukio moja linalovuka kiwango cha kawaida cha kengele. Yaani katika kila watoto kumi, wanne wangeliamsha nyumba. Daktari mkuu wa wodi hawezi kufanya kazi na kengele ya namna hiyo, sembuse mama mwenye siku tisa tangu uchungu.

Kilichopunguza vifo hakikuwa na betri. Tafiti, hasa za New Zealand mwishoni mwa miaka ya 1980, zilionyesha kwamba kulala kifudifudi ndiko hatari. Uingereza ikaanza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na vifo vya namna hii vikashuka kwa nusu na zaidi. Chali, mahali pagumu kidogo, bila mito wala mablanketi mazito usoni, chumba kimoja na wazazi, bila moshi wa sigara. Kwetu wengi hulala na mtoto kitanda kimoja, chandarua kimoja, na sitajifanya kuwa kila nyumba ya Handeni ina nafasi ya kitanda cha pili. Lakini aliyekunywa pombe au dawa ya usingizi asilale na mtoto. Kumlalia mtoto ni jambo ambalo bibi zetu walilijua na kulionya kabla ya sisi kulipa jina la kitaalamu.

Na soksi? Mwaka 2018 madaktari wa Philadelphia walivilinganisha vifaa viwili vya aina hiyo na kipimo cha hospitali. Kimoja kilishindwa kabisa kutambua upungufu wa oksijeni. Kingine kiliugundua mara nyingi, lakini si kila mara. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliiandikia barua ya onyo kampuni ya Owlet kwa kuuza soksi kama kifaa tiba bila kibali, na mauzo yake huko yakasimama. Mwaka 2023 soksi mpya ya kampuni hiyo ikapata kibali. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, bado kinashauri vifaa hivi visitegemewe kupunguza vifo vya ghafla. Kwa hiyo anayesema soksi ni utapeli mtupu anakosea, na anayesema ni kinga anakosea zaidi.

Hapa lipo jambo linalotuhusu sisi kuliko waliotengeneza. Njia ya kupima oksijeni kwa mwanga na mapigo ya damu iligunduliwa na mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi, aliyeitangaza mwaka 1974: mwanga mwekundu na ule usioonekana hupita mwilini, na mashine hulinganisha kiasi kilichonyonywa na damu. Ngozi nyeusi nayo hunyonya mwanga. Mwaka 2020 utafiti wa Marekani kwa wagonjwa watu wazima ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ambao kipimo hakikuuona ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu ya weupe. Kichanga wetu huzaliwa mweupe kisha huiva, ndiyo maana wazee huangalia ncha za masikio wakatabiri rangi atakayokuwa nayo. Soksi ya siku ya 9 na soksi ya mwezi wa tatu si lazima zione mguu ule ule. Ukitafuta mada ya utafiti wa shahada, nimekupa moja.

Turudi nyumbani, maana huko mbali tumekaa sana. Takwimu za taifa za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 24 hufa kabla ya kutimiza siku 28. Wengi wao hawafi kifo cha fumbo. Wanakufa kwa kuzaliwa njiti, kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na kwa maambukizi. Pumzi imo katika yote matatu, lakini saa ya hatari si ile ambayo soksi inailinda.

Chukua saa ya kuzaliwa. Haydom, mkoani Manyara, watafiti walisimama vyumba vya kujifungulia na kuhesabu sekunde. Kila sekunde 30 za kuchelewa kumpa hewa mtoto asiyepumua ziliongeza hatari ya kifo au ya kulazwa kwa muda mrefu kwa asilimia 16. Kuanzia mwaka 2009 hospitali nane za Tanzania zilifundisha wakunga wao kumsaidia mtoto ndani ya ile wanayoiita dakika ya dhahabu: mkaushe, msugue, na akiwa bado kimya mpe hewa kwa mfuko na barakoa. Matokeo, yaliyoandikwa na Georgina Msemo wa Wizara ya Afya pamoja na wenzake mwaka 2013, ni kwamba vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Mwaka 2025 zikachapishwa habari za vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Humo kulikuwa na vifaa vya kisasa, kikiwemo kinachoitwa Moyo, cha kufuatilia mapigo ya mtoto aliye tumboni. Lakini vifaa viliingia pamoja na mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini, na vifo vya watoto kabla na mara baada ya kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Kifaa kilikuwa na mtu wa kukijibu. Dada yangu hajasoma ripoti ile, ila angeielewa kwa sentensi moja.

Korogwe na Handeni zina mahali pake katika elimu hii, na ningependa mwanafunzi wa Tanga ajue kwamba hasomi habari za wengine tu. Kati ya mwaka 2008 na 2010 wajawazito wapatao 1,000 wa Korogwe walifuatiliwa kwa mashine ya picha ya tumbo, katika mradi wa watafiti wa Denmark na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Watafiti hao walionyesha jinsi malaria inavyodumaza ukuaji wa mtoto tumboni. Mradi mwingine, kuanzia mwaka 2014, uliwatafuta wanawake wa Korogwe na Handeni kabla hawajashika mimba, wakafuatwa hadi wakazaa. Fikiria kazi ya kubisha hodi vijiji vya Handeni ukimwuliza mwanamke ambaye hana mimba kama anatarajia kupata! Faida yake ni kwamba swali la "mtoto anapumua?" limerudishwa nyuma hadi "mama ana damu ya kutosha? amelala kwenye chandarua? amemeza vidonge vya kukinga malaria kliniki?" Mtoto aliyezaliwa na uzito mzuri ameshavuka hatari nyingi ambazo hakuna kengele ya kuziambia familia.

Na kwa aliyezaliwa mdogo kuna kifuatiliaji ambacho hakihitaji bando wala umeme wa TANESCO. Mwaka 1978 huko Bogotá, Edgar Rey Sanabria, akiwa na mashine chache za joto kuliko watoto, aliwafunga watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Tukaita malezi ya kangaruu. Kifua cha mama humpa mtoto joto, humyumbisha kwa pumzi, humkumbusha kupumua. Na mama aliyembeba hutambua mabadiliko kabla ya mtu aliye upande wa pili wa chumba. Katika jaribio la hospitali tano za nchi tano, Muhimbili ikiwa mojawapo, watoto wa kati ya kilo 1 na 1.8 walifungwa kifuani mara baada ya kuzaliwa badala ya kungoja hali itulie. Matokeo yalitoka mwaka 2021: waliokufa ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12 badala ya 15.7. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu ya faida hiyo. Akichoka mama, baba anaweza kubeba, na bibi pia. Kanga inatosha.

Sasa twende zahanati. Kwenye barabara ya Korogwe kwenda Handeni, ukiacha lami na kuingia vijiji vya ndani, utakuta muuguzi mmoja na foleni ya akina mama kwenye benchi. Kipimo chake ni macho na saa. Mtoto chini ya miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, anahesabu tena. Ikirudia, hiyo ni dalili ya hatari. Hesabu lazima iwe ya dakika nzima. Wanafunzi wangu hupenda kuhesabu nusu dakika wakazidisha kwa mbili, na mtoto mwenye pumzi za mafungu huwadanganya kila mara. Mtoto awe ametulia, hanyonyi, halii, nguo imefunuliwa tumbo lionekane. Kisha anatazama mengine: anashindwa kunyonya, amekuwa wa moto au wa baridi, amelegea hadi asukumwe ndipo ajongee, amepata degedege, kifua kinabonyea. Lolote katika hayo ni safari ya hospitali, na kwa safari hiyo ipo namba 115 ya mfumo wa m-mama, isiyolipiwa, inayomtafutia mjamzito, mzazi au kichanga usafiri wa dharura hata kwa gari la dereva wa kijijini.

Basi nilimjibuje mpwa wangu? Nilimwuliza maswali mimi. Mtoto alitimiza miezi? Alitimiza. Kilo ngapi? Tatu na kidogo. Alilia alipozaliwa? Majirani walimsikia. Ananyonya? Akacheka, akanionyesha. Nikamwambia kwamba mtoto huyu nisingemvalisha soksi. Ingemwamsha mama mara nyingi bila sababu, na usiku mmoja ikinyamaza kwa kosa la betri angeiamini kuliko macho yake. Angekuwa njiti aliyeruhusiwa wodini juzi, ningemwambia jambo jingine: arudi kwa daktari aliyemruhusu, aulize kama kifaa kinahitajika, cha aina gani, na kikilia afanye nini hatua kwa hatua, na amfunge mtoto kifuani akiwa njiani. Hakupenda jibu hilo sana. Soksi ni zawadi, na zawadi ya shemeji ina macho. Tukakubaliana apigwe picha mguuni nayo, picha itumwe Maskati, kisha soksi iwekwe kabatini.

Dada yangu alikuwa bado anangojea jibu lake. Nikamfunulia mtoto tumbo, nikashika simu nitazame sekunde, nikamwomba ahesabu. Alihesabu kwa tasbihi, chembe moja kila tumbo linapopanda, midomo ikichezacheza kama kwenye dhikri. Dakika ilipoisha alikuwa amezunguka chembe zote 33 na kuongeza 15. Arobaini na nane. Akarudia, akapata 51. Akataka kujua mpaka uko wapi, nikamwambia sitini. Akanyamaza akipiga hesabu yake, kisha akaingia chumbani akatoka na tasbihi ya zamani iliyokatika shada, na uzi mwekundu. Akafunga uzi kwenye chembe ya 27.

"Mzunguko wa pili ukifika hapa," alisema, "namwamsha baba yake, nawe unapigiwa simu njiani."